Kodi Imelipwa, Choo Kimefurika

Leo nina neno na wapangaji, hasa wa hapa Dar es Salaam, wale ambao masika ikianza jicho lao linahamia kwenye kitundu cha kutolea maji bafuni.

Anayekijua kitundu hicho ameshanielewa. Huanza kwa kuguna. Jirani wa juu akivuta maji chooni, huku chini kinabubujika, maji machafu yanachungulia, kisha yanarudi yalikotoka. Baada ya siku kadhaa hayarudi tena. Yanatandaa sakafuni, yanavuka kizingiti na kuingia chumbani, na kwa kuwa wengine wenu mko mezani saa hizi, habari za harufu nitaziacha. Unampigia simu mwenye nyumba. Anapokea vizuri kabisa, anakupa pole, anasema fundi atakuja kesho. Kesho inafika, fundi haonekani. Wiki inakatika. Ukipiga tena unajibiwa, "Kwani nyie mnatupa nini huko chooni?" Tayari mshtakiwa ni wewe.

Tuanze na fedha, maana shida imejificha humo. Mpangaji wa Dar hulipa kodi ya miezi sita kwa mkupuo, wengine mwaka mzima, na juu yake mwezi mmoja wa dalali. Siku unayokabidhi fedha hizo mwenye nyumba anakuchangamkia, anakuonyesha hadi kamba ya kuanikia nguo. Lakini fedha ile ilishapangiwa kazi kabla haijamfikia: ada za shule, matibabu ya mzee kijijini, mabati ya nyumba nyingine anayoipandisha Chanika. Mwezi wa tatu bomba likipasuka, yeye hana akiba ya kutengeneza, na wewe huna cha kumnyima. Ndiyo maana ule ushauri unaotoka nchi za watu, eti zuia kodi mpaka nyumba itengenezwe, hapa kwetu hauna pa kushika. Utazuia nini, kodi uliyokwisha kulipa Januari?

Sisemi wenye nyumba wote ni wakorofi. Wengi ni wastaafu na wajane, kodi hiyo ndiyo pensheni yao, na gari moja la kunyonya majitaka linawatikisa kama linavyokutikisa wewe. Hilo nalielewa. Ila kukosa kwake fedha hakukufanyi wewe kuwa mwenye jengo.

Sasa, kabla hujagombana na mtu, jua tatizo liko wapi. Hapa naomba univumilie kidogo, kwa sababu ugomvi mwingi wa mabomba ni wa watu wawili wanaozungumzia mabomba mawili tofauti.

Kwa maji safi, mpaka ni mita. Bomba likivuja kabla ya mita, hiyo ni kazi ya mamlaka ya maji, kwa Dar ni DAWASA, na unaweza kutoa taarifa mwenyewe bila kumsubiri mwenye nyumba. Likivuja baada ya mita, kila tone linahesabiwa na ankara inawajia nyie. Kujua kama yanavuja hakuhitaji kubomoa ukuta. Usiku watu wakishalala, funga koki zote, hakikisha simtanki limejaa na boya limekata maji, kisha nenda na tochi ya simu kwenye mita. Kwenye uso wake kuna kigurudumu kidogo. Kikizunguka wakati hakuna anayetumia maji, kuna mahali yanatoroka. Piga picha ya namba za mita usiku huo, piga nyingine alfajiri kabla mtu hajafungua koki. Tofauti ya namba hizo mbili ni ushahidi ambao mwenye nyumba atapata taabu kuubishia. Na kwenye zile nyumba ambako wapangaji wote wanachangia mita moja, picha hizo zitawaepusha kumsingizia yule mama mwenye watoto wadogo kwamba anafua sana.

Majitaka yana kanuni nyingine. Sinki moja likiziba peke yake, mara nyingi ni mafuta ya kupikia yaliyoganda pamoja na masalia ya chakula. Zibua, lipa, usimsumbue mtu. Lakini ukifungua sinki la jikoni maji yakaibukia bafuni, au choo kikivutwa kitundu cha sakafuni kinatapika, njia kuu imeziba au shimo limejaa. Maji yakikosa njia hutokea kwenye tundu lililo chini kuliko yote, kwa hiyo kwenye ghorofa mpangaji wa chini ndiye anayeogelea dhambi za walio juu yake, nao wanaweza wasijue lolote kwa mwezi mzima. Toka nje, mwambie fundi afunue chemba. Ya kwanza karibu na nyumba ikiwa kavu huku choo chako kimejaa, kizibo kiko kati ya choo na chemba hiyo. Ikiwa imejaa, funueni inayofuata. Mkikuta moja imejaa na inayofuata ni kavu, kizibo kiko katikati yao, pengine mizizi ya mti, pengine kipande cha zege alichokiacha fundi wa siku nyingi. Zote zikiwa zimejaa mpaka kwenye mfuniko, acheni kuhangaika na waya wa kuzibulia. Shimo ndilo limekataa.

Na shimo lina mambo yake. Sehemu kubwa ya Dar haijaunganishwa na mtandao wa mabomba ya majitaka. Nyumba inategemea karo ambalo linazuia tope, na shimo la pembeni ambalo linapokea maji yake ili ardhi iyanywe. Miaka ikienda, mafuta na tope laini huziba kuta za shimo, ardhi inaacha kunywa. Na maeneo ambako maji ya chini ya ardhi yako karibu, kama Msasani, Mikocheni na pembezoni mwa bonde la Msimbazi, mvua ikikolea shimo linajazwa kutoka chini. Mnaita gari asubuhi, linanyonya, mnalipa, na siku ya pili limejaa tena. Mmelipia kunyonya mvua. Kwa hiyo mwenye nyumba akisema, "Mbona juzi tu tumevuta?", huenda hasemi uongo. Dawa yake pale ni kuchimba shimo jingine au kulijenga upya, na hilo ni jambo la mwenye jengo. Mkianza kuchangishana elfu kumi kumi kwa kazi hiyo, mnamjengea mtu nyumba yake huku mkimlipa kodi.

Sheria inasemaje? Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999, kifungu cha 88, inazo ahadi ambazo mwenye nyumba anahesabiwa amezitoa hata kama mkataba wenu haukuzitaja. Nitachukua mbili. Kwanza, ikipangishwa sehemu tu ya jengo, yeye ndiye wa kutunza paa, kuta kuu, mifereji mikuu na sehemu mnazozitumia kwa pamoja. Pili, nyumba au chumba cha kuishi kiwe kinafaa kukaliwa na binadamu siku upangaji unapoanza, na kiendelee kufaa muda wote wa upangaji. Sikiliza vizuri hapo mwisho: kiendelee kufaa. Ule usemi wa "ulikuta hivyo, ukakubali" haumsaidii kitu. Kifungu kinachofuata, cha 89, kinakugeukia wewe: ulipe kodi, uliweke jengo katika hali nzuri. Kwa hiyo fundi akitoa nepi na mchanga wa kusugulia sufuria kwenye bomba linalotoka chumbani kwako, usinitaje.

Wenzetu wa Kenya wana maneno karibu yale yale kwenye kifungu cha 65 cha Sheria yao ya Ardhi ya mwaka 2012, na Katiba yao ya 2010, ibara ya 43, inataja makazi ya kuridhisha na usafi unaostahili. Wanalo hata baraza la kodi za nyumba, lakini sheria yake inahusu nyumba ambayo kodi yake haizidi shilingi 2,500 za Kenya kwa mwezi. Nairobi ya leo, nyumba hiyo utaisaka kwa darubini. Sisi sheria yetu ya kudhibiti kodi ilifutwa mwaka 2005, kwa hiyo tunabaki na Sheria ya Ardhi na ujanja wetu wenyewe.

Ujanja wa kwanza ni kuacha kupiga simu na kuanza kuandika. Maneno ya simu yanapeperuka. Andika hivi: "Shikamoo mzee. Tangu Jumapili maji ya choo yanapanda bafuni na kuingia chumba cha watoto. Fundi amefunua chemba zote, zimejaa. Tunaomba shimo livutwe kabla ya Ijumaa. Picha hizi hapa." Basi. Hakuna tusi, hakuna "tutakutana mahakamani". Una tarehe, una hali ilivyo, una ombi, una siku ya mwisho. Kama mzee si mtu wa WhatsApp, andika karatasi, nakala mbili, umpelekee ukiwa na mjumbe wa shina, moja isainiwe ibaki kwako. Na mkataba wako wa upangaji, ule uliokunjwa ndani ya bahasha, uangalie kama ulilipiwa ushuru wa stempu. Watu wengi huambiwa habari hiyo kwa mara ya kwanza siku wanapoutoa mbele ya baraza, wakaanza kuhangaika kulipa ushuru na adhabu ndipo usikilizwe. Kama hamkuandikiana kabisa, risiti za kodi au miamala ya simu vinaonyesha kwamba upangaji upo.

Ujanja wa pili ndio unaofanya kazi mara nyingi kuliko yote hapa mjini: kukatana kwenye kodi. Mpangaji anatoa fedha, kazi inafanyika, gharama inakatwa kwenye kodi ya kipindi kijacho. Ni njia ya kistaarabu, na imevunja urafiki wa watu wengi sana. Inavunjika kwa sababu watu wanaifanya kwa mdomo. Mpangaji anatengeneza kwanza, halafu anapeleka hesabu ya laki tatu na nusu. Mwenye nyumba anashtuka: "Nani alikutuma? Fundi wangu angefanya kwa laki na nusu!" Hapo umekwama, kwa kuwa kweli hakukutuma.

Kwa hiyo bei ikubaliwe kabla sururu haijagusa ardhi. Ita mafundi wawili watoe makadirio, mtumie mwenye nyumba yote mawili, yeye achague. Akichagua, mwombe aandike mwenyewe, hata kwa ujumbe mfupi, kwamba kiasi fulani kitakatwa kwenye kodi inayoanza mwezi fulani. Neno "sawa" peke yake halitoshi. Sawa ya Dar es Salaam ina maana nyingi. Tunza risiti za vifaa, piga picha mtaro ukiwa wazi kabla haujafukiwa, maana bomba likishafunikwa kila mtu anakuwa mtaalamu wa kusema kwamba halikubadilishwa.

Halafu kuna mtego ambao watu hawauoni: nyumba za urithi. Mzee alifariki, nyumba ina watoto saba, anayekuja kuchukua kodi ni kaka mkubwa, lakini msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama ni dada aliyeko Morogoro. Umekubaliana na kaka, umetengeneza choo, kodi imeisha, safari hii anakuja dada, na anasema hajui habari za choo. Uliza mapema nani mwenye sauti. Si umbeya, ni fedha zako.

Tuseme umeandika, umesubiri, siku uliyoitaja imepita, kimya. Wengi hapo wanawaza mwanasheria. Mimi ningeanza kwa bwana afya wa kata. Mkataba wako haumhusu, wala haulizi nani ana deni la nani. Majitaka yanayotiririka kwenye makazi ni kero kwa mujibu wa Sheria ya Afya ya Jamii ya mwaka 2009, na yeye anaweza kuja, akaona kwa macho yake, akatoa ilani ya maandishi kwa mwenye nyumba yenye muda wa kutengeneza, na akikaidi, akampeleka mahakamani kwa kosa. Waliokuwapo hapa mwaka 2015, kipindupindu kilipoanzia Kinondoni mwezi Agosti, wanakumbuka jinsi mabwana afya walivyoweza kutembea. Ila tahadhari moja. Mvua ikinyesha usiku kuna wapangaji na wenye nyumba wanaoshirikiana kutapisha choo, wanatoboa shimo kinyesi kiende na maji ya barabarani hadi kwa jirani. Kama na wewe ulishika sururu usiku ule, usimwite bwana afya ukidhani atamwandikia mwenye nyumba peke yake.

Mwenye nyumba atachukia, hilo usijidanganye. Kodi yako ikikaribia kuisha anaweza kugundua ghafla kwamba chumba chako anakihitaji kijana wake anayetoka chuo. Ndiyo maana barua yenye jina moja ni ya hatari, na barua yenye majina ya wapangaji wote ni jambo jingine kabisa. Kuwatoa wote kwa mpigo maana yake ni nyumba tupu, na nyumba tupu yenye choo kilichofurika dalali hawezi kuiuza sura. Kwenye nyumba zetu za kupanga tunajuana kwa kupokezana ufunguo wa geti na kugawana bili ya maji. Kukaa chini jioni moja tukaandika ukurasa mmoja hakutushindi. Kinachotushinda ni yule mmoja anayesema, "Mimi chumba changu hakijafikiwa." Huyo mwonyesheni chemba.

Baada ya hapo kuna mabaraza, nitapita haraka. Tangu marekebisho ya mwaka 2021, baraza la kata halitoi tena hukumu katika migogoro ya ardhi, linasuluhisha. Likishindwa ndani ya siku 30, unaweza kwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, ambalo ndilo lenye uwezo wa kuamua. Ni njia halali, nayo ni ndefu, na choo hakisubiri tarehe ya kutajwa kwa shauri. Kwa fedha kubwa, mfano kodi ya mwaka au vyombo vilivyoharibika, nenda. Kwa koki inayodondosha, usipoteze nauli.

Na kuhama? Wengi huhama tu, wakaiacha kodi ya miezi iliyobaki kama sadaka. Sheria ile ile ya Ardhi inasema jengo likiharibiwa na mafuriko, moto au janga jingine ambalo si kosa lako likawa halikaliki, kodi isimame yote au sehemu yake mpaka likalike tena, na likikaa miezi sita bila kutengenezwa unaweza kuvunja mkataba kwa notisi ya mwezi mmoja. Lakini shimo lililojaa kwa sababu halikuvutwa miaka mitano halijawa mafuriko, usichanganye. Hapo unasimamia ile ahadi ya chumba kuendelea kufaa. Kwa vitendo, nilivyoona watu wakirudishiwa fedha zao ni hivi: mwenye nyumba hana fedha mkononi, kwa hiyo mnaandikiana mbele ya mwenyekiti wa mtaa kwamba mpangaji mpya akiingia, kodi yake inakatwa kukulipa wewe miezi yako. Inawezekana, na inafanyika. Inabaki tu kwamba huyo mpangaji mpya atakapokuja kuangalia chumba, wewe ukiwa bado umo ndani na fedha zako zikimsubiri yeye, atakuuliza, "Maji vipi hapa?" Sijui utamjibu nini. Mimi ningemwambia.

Maana siku hiyo ya kuangalia chumba ndiyo siku pekee ambayo mpangaji ana nguvu kweli. Fedha bado ziko mfukoni mwake. Siku nyingine ya namna hiyo ni ile ya kurudia mkataba, na hiyo nayo tunaipoteza kwa kulipa haraka haraka tusije tukakosa chumba. Kama unataka shimo livutwe, bomba libadilishwe, mita igawanywe, sema wiki mbili kabla ya kulipa, na iandikwe ndani ya mkataba mpya: shimo likijaa nani anaita gari, nani analipa, ndani ya siku ngapi. Mistari miwili inatosha.

Ukienda kuangalia chumba kipya, nenda mvua ikiwa imenyesha. Tazama ukuta wa bafuni na wa chumba kinachopakana nalo. Rangi mpya iliyoishia kiunoni, huku juu ni ya zamani, imeficha unyevu. Nusa kitundu cha sakafuni, usione haya. Muulize mpangaji wa chumba cha jirani, dalali akiwa mbali, shimo lilivutwa lini. Fungua koki zote kwa pamoja uone kama maji yanafika. Kisha omba ndoo mbili za maji, mwaga moja chooni na nyingine bafuni, kwa mfululizo, usimame uangalie. Dalali atakuambia kuna mteja mwingine yuko njiani na fedha taslimu mkononi. Huyo mteja yuko njiani tangu mwaka juzi. Mwaga ndoo ya pili.